Nani Alichomoa Waya wa Chaji

Mwanangu,

Chai imo kwenye chupa, unywe kabla hujarudi kazini. Kigari chako cha umeme usikiguse kwanza, kinachaji. Taa ya kijani ikiwaka ndipo uchomoe.

Asubuhi kilipokuzimikia kwenye kile kilima cha uwanja wa gofu, wageni wamekaa nyuma, nilikupita na changu cha petroli nikicheka: "Si nilikwambia, mama? Hicho ni cha kuchezea watoto!" Sasa umelala, na hapa mezani nimeikuta ripoti yako kwa meneja kuhusu vigari vya kununua. Umekata "umeme", umeandika "petroli".

~~Nadhani betri zimechoka.~~ Hapana, huo ni uongo. Jana jioni nilichomoa waya wa chaji ili nipige pasi shati langu, nikasahau kuurudisha.

Kwa miaka mitano changu nimekibadilishia mkanda mara tatu. Oili na plagi ndiyo usiseme. Chako kimedai maji ya betri tu. Kweli, siku betri zikifa zote pamoja tutalia, lakini hata hilo uliliweka kwenye hesabu. Niliikagua mara mbili nikitafuta kosa, sikuliona.

Ripoti nimeondoka nayo. Neno lako nimelirudisha, na habari ya waya nitamweleza meneja mwenyewe, mbele ya wale wale walionisikia nikicheka.

Chai haina sukari, imeisha. Hiyo nayo ni mimi.

Baba yako