Nyusi Zangu na Karatasi Sita

Jumatatu, 7 Agosti
Kurasa sita, zote za karatasi. Kalamu, mkasi, gundi — ndiyo tovuti yetu kwa sasa. Humu ndimo wagonjwa wa kisiwa cha Kadavu watakamoweka nafasi ya meli ya kuja kliniki, hapa Suva. Bosi wangu, Prakash, ataamua Ijumaa. Akikubali, mafundi wanaanza kuijenga, hakuna kugeuza tena. Na meli ni moja kila wiki mbili. Anayekosea kwenye ukurasa wangu ndiye anayebaki gatini.

Jumanne, 8 Agosti
Wagonjwa wanne wamejaribu. Wao wanabonyeza karatasi kwa kidole, mimi nageuza kurasa. Wote wamefika mwisho! Wote wamesema nzuri sana, dada. Prakash anapiga mluzi. Mimi situlii. Kwetu Fiji nani atakuambia usoni kwamba kazi yako mbovu? Na mbona hakuna aliyekosea hata mara moja? Mimi niliyeichora nakosea.

Jumatano, 9 Agosti
Jana nilirekodi kwa simu. Leo nimetazama, nikaona aibu. Kidole kinasita, macho yanapanda usoni kwangu — nami nanyanyua nyusi, ambako kwetu ni kusema ndiyo. Kila mara! Walikuwa wananisoma mimi, si karatasi. Nyusi hizi zinasema ndiyo tangu nanyonya, sasa nizifunge na nini?

Kesho nakaa nyuma ya mjaribu. Nimemwomba mama mdogo Taraivini. Amekuja kutoka Kadavu kuonyesha goti, Septemba anarudi kupasuliwa. Tovuti hii ataitumia kweli.

Alhamisi, 10 Agosti
Mama mdogo alinitafuta uso, hakuuona. "Uko wapi, wewe? Nitajuaje sasa?" Nikageuza ukurasa kutoka nyuma yake. Ukurasa wa tatu akabonyeza kitufe cha Ghairi, kwa sababu nimekiweka pale pale kidole kinapoangukia. Safari imefutwa. Yeye akakunja mikono, ametulia. "Haya, nimeshapanda?"

Nilitaka kulia. Wiki tatu za kuchora!

Prakash akachungulia mlangoni: mama, umeionaje? Mama mdogo akanitazama mimi kwanza. "Nzuri sana, mwanangu. Mtoto wetu ana mikono ya kazi." Prakash akacheka. Basi ya nini kungoja Ijumaa, akasema, akaenda kuleta fomu ya kuwaanzisha mafundi, nami nitie sahihi.

Naandika haya mbio mbio. Nimemwambia mama mdogo amebonyeza nini. Anasema hayo madogo, nisijiaibishe mbele ya mkubwa wangu, yeye atauliza watu gatini.

Goti lenyewe halimfikishi hata ngazini, seuze gatini.

Viatu vya Prakash hivyo, vinakuja. Mama mdogo ananitazama usoni, nyusi amezinyanyua juu kabisa —