Pweza wa Shimo la Bi Chiku

Mwaka umetimia, Bi Chiku, Mama Hafsa wangu, tangu Ijumaa ile asubuhi ulipotutoka hapa nyumbani Kigombe. Kuku wako wazima. Mimi mumeo nipo, natia chumvi nyingi kwenye mchuzi na hakuna wa kunigombeza.

Ulikuwa mtu wa kucheka, kicheko kikisikika mtaa wa pili. Jirani akiugua, ulishafika na uji kabla mimi sijapata habari. Lakini pweza wenyewe hukuwala! Miaka thelathini ukiwavua, mgeni unampikia wa nazi, mwenyewe unakula maharage.

Hatusahau ulipokuja na habari ya kufunga mwamba. Pweza walikuwa wameadimika. Kina mama mlirudi na vitoto vya kuenea kiganjani, na mnunuzi akiwapangia bei anavyotaka. Ukasimama mkutanoni ukasema tuuache mwamba miezi mitatu, pweza wakue. Nani alikupinga? Mimi. Nilisema mbele ya watu wote, "Leo mnafunga mwamba, kesho mtafunga na jiko!" Watu wakacheka mpaka basi. Wewe ukajifunga kanga vizuri, ukangoja kura ipigwe, ukashinda.

Mwezi wa pili uvumilivu ukanishinda. Kila mvuaji pweza hapa ana shimo lake mwambani, na mwenzake haligusi. Lako nililijua, ulinionyesha mwaka tuliooana. Nikaenda, nikamtoa pweza, nikamfunika kwa samaki, changu wawili watatu, ndani ya ndoo. Alaa! Ukainua changu wa kwanza, ukainua wa pili, ukamwona. Uliuliza neno moja tu: "Kwangu?"

Ukajitwika ndoo mpaka kwa mwenyekiti. "Mwizi wa kwanza huyu hapa," ulimwambia, "na ni mume wangu. Msimwonee haya." Wallahi uso ulinishuka. Nikapewa adhabu ya kulinda mwamba kila maji yakitoka, hadi siku ya kufungua. Nilinuna wiki nzima, na wiki nzima ulinifungia chupa ya chai ya tangawizi ya kwenda nayo lindo.

Siku ya kufungua mlitoka na pweza wa kilo tatu, wengine wa kilo nne. Mnunuzi, Bwana Dharsi, akaja kutoka Tanga mjini na gari la barafu, na kwa mara ya kwanza bei mliitaja nyinyi. Leo kina mama wana mizani yao na jokofu lao, na shoga yako Kijakazi ameezeka bati. Mimi adhabu iliisha zamani, lakini kila tulipofunga tena, lindo sikuliacha. Nilishalizoea, na chai ilikuwa tamu.

Ulipofariki nikasikia watu wakisema, "Mwenyewe hayupo, sasa mwamba utafungwa na nani?" Iliniuma sana. Niliogopa kazi yako yote itakwenda nawe. Basi mwaka huu nilisimama mimi mkutanoni, yule yule wa jiko, nikaomba tufunge tena. Walinicheka, tena sana, kisha wakanyoosha mikono wote. Miezi mitatu mwamba ulikaa na hakuingia mtu.

Wiki iliyopita tulifungua. Kina mama walitapakaa mwambani, huyu anachokoa hapa, yule pale, ila shimo lako hakuligusa mtu. Kijakazi akanipa fimbo yako. "Shemeji," akasema, "hili la mwenyewe. Mtoe wewe."

Nilimtoa, Mama Hafsa. Mkubwa huyo, hujapata kuona! Nikamnyanyua juu ya kichwa kutoka mwambani mpaka kwenye mizani, maji yakinichuruzika usoni, kijiji kizima kinatazama. Safari hii sikumfunika kwa changu.

Unakumbukwa na mimi mumeo Tahiri, binti yako Hafsa, wajukuu zako Samiha na Rama, dada yako Tausi wa Pongwe, ndugu zako wa Nguvumali, na kina mama wote wa mwambani. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe makazi mema peponi. Amin.

Siku zote tutakuwa nawe moyoni. Na chumvi nitapunguza.