Mtani Wangu Maganga na Nafasi Moja ya Jeshi

Jumanne, Korogwe. Mawingu tangu alfajiri, mvua hainyeshi. Miguu imevimba tena.

Kuna maneno niliyomwambia afande mmoja, barazani kwangu, zamani za Ujamaa. Marehemu mke wangu hakuyajua. Wanangu hawayajui. Mjukuu aliyenifungulia ukurasa huu anasema wanaousoma ni wageni watupu. Na iwe hivyo. Kwa mgeni ni rahisi zaidi.

Nimechoka kuyabeba.

Nilikuwa mwalimu katika kijiji kipya karibu na Segera, kilichotuchanganya sisi Wazigua tuliotoka Mazingara na watu wa kambi za mkonge. Kwa kuwa nilisoma, nikafanywa pia katibu wa mgambo. Utaratibu ulikuwa huu: kila balozi wa nyumba kumi alitoa vijana wake, na mabalozi wengine, tusidanganyane, walitoa wale waliowasumbua. Vijana kumi hivi wakawa seksheni, seksheni tatu platuni, na platuni za vijiji zikikutana tarafani zikawa kombania. Walipiga kwata uwanja wa mpira kwa bunduki za mbao, kisha wakaenda shamba la kijiji. Mshahara haukuwapo. Walichongojea ni afande aje kuchagua wa kuingia jeshini hasa, kwenye sare, viatu na pensheni.

Mwaka ule kijiji chetu kilipewa nafasi moja.

Kila mtu alijua ni ya Maganga. Baba yake alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, na yeye mwenyewe aliukata tangu utotoni, mikono imejaa makovu ya miiba. Alikuwa kiongozi wa seksheni. Akikimbia, wenzake waliona mgongo tu. Aliyemfuatia alikuwa Mhando, mdogo wangu wa tumbo moja. Mama yetu alikuwa ananitazama tu siku zile.

Maganga alikuwa mtani wangu. Wazigua na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara. Tulitukanana kila siku na tulikula sahani moja.

Siku ya uchaguzi afande aliwapima urefu, akawatazama meno na nyayo, akawakimbiza hadi barabara kuu na kurudi. Mwisho ulikuwa ushahidi wa kijiji. Akamsimamisha Maganga mbele ya watu.

"Kuna mwenye neno juu ya tabia ya kijana huyu?"

Nikasimama.

"Afande, huyo Mnyamwezi ni mwizi! Mpe bunduki leo, kesho ameibadilisha kwa kuku. Babu yake alipita hapa na mizigo kichwani, sufuria ya bibi yangu haijaonekana mpaka leo!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Maganga alicheka kuliko wote. "Mzigua wewe uliyeuzwa enzi za njaa kwa kibaba cha mahindi, ndiye wa kunifundisha wizi?"

Afande hakucheka. Alikuwa mtu wa mkoa wa mbali. "Mwalimu, una hakika na usemalo?"

"Hakika kama jua lile, afande."

Akamwambia Maganga akae chini. Akamwita Mhando.

Wazee walimfuata afande kumweleza kuwa ule ni utani. Akawajibu kwamba jeshi halichukui mtu aliyetiwa doa na katibu wake mwenyewe. Mimi nilisimama pembeni, nimejifanya nimeduwaa.

Mhando alistaafu na cheo chake. Nyumba hii ninayougulia kaijenga yeye. Maganga alirudi kwenye mkonge mpaka mgongo ukapinda. Tulipokutana Mkumbara alinishika bega: "Mzigua, uliniokoa. Si ningefia vitani?" Na watu waliponinyooshea kidole, ni yeye aliyenitetea. "Mtani wangu hana kosa. Afande alikuwa mgeni, angejuaje?"

Angejuaje.

Alipofariki nilikwenda kufanya kazi ya mtani. Nililala chini mbele ya jeneza nikazuia njia, nikasema huyu mwizi hazikwi mpaka nilipwe changu. Waliokuwa wakilia wakacheka. Mjane wake akanishika mikono miwili akanishukuru. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Leo daktari ameongea na mwanangu nje ya mlango, wakidhani nimelala. Sina haja ya kuulizia walichosema.

Basi ni hivi. Jioni ya kuamkia uchaguzi ule, afande alikunywa chai kwangu. Alikuwa mtu makini, hakutaka kukosea. Akaniuliza, "Mwalimu, nimesikia kuna mahali watu hutukanana kwa utani hata mbele ya viongozi. Hapa kwenu nako desturi hiyo ipo?"

Nikamjibu hapana. Hapa kwetu, nikamwambia, mtu akisimama mbele ya kijiji akamwita mwenzake mwizi, basi ni mwizi.