Mtoto Wangu Ananiita Kaka

Kwako Shangazi Burul,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimejifungia karakanani wenzangu wameenda kula, na naomba usinihukumu kabla hujafika mwisho wa barua, ingawa ukinihukumu baada ya hapo nitakuelewa. Mimi ni Syimyk, nina miaka ishirini na miwili, ni fundi wa milango na madirisha hapa Karakol, sijaoa, na nina binti wa miaka miwili na nusu, Aiperi, ambaye kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba, pamepigwa mstari.

Mstari huo niliuchora mwenyewe, sikatai. Tulipendana na mama yake, Meerim, yeye akiwa anasomea uuguzi, na aliponiambia ana mimba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaenda kumwambia mama yangu nikidhani atatuma watu kwao wakapose, lakini mama akaweka chini bakuli la chai akasema, "Msichana aliyekupa wewe kawapa na wengine, mimi siingizi ndani mzigo nisioujua umetoka wapi," nami Shangazi, badala ya kusimama na kusema neno, nikanyamaza, na wiki iliyofuata nikaondoka na mjomba kwenda Novosibirsk, huko Siberia, kwenye kazi za ujenzi. Meerim alinipigia simu miezi saba. Nilikuwa naitazama ikiita mpaka inakatika. Sikuwa na mwanamke mwingine wala sikumchukia, niliogopa tu, na kila siku niliyoacha kupokea ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Mtoto alipofikisha miezi kumi na moja Meerim akanitumia picha moja bila neno lolote, mtoto kakaa juu ya godoro la maua, na sikio lake la kushoto limekunjika kwa juu kama langu na kama la marehemu baba, basi nikaacha kazi nikarudi. Baba yake Meerim, mzee Asankul, ni daktari wa mifugo, mtu wa maneno machache. Alinisikiliza nikiwa nje ya geti, halafu akasema, "Kumbe mtoto huyu ana baba. Mbona kwenye cheti sijamwona." Nikarudi mara nne nikafungiwa mara nne, na mara ya tano mkewe, mama Gulbara, akanifungulia akanipa masharti, kwamba nije kila Jumapili kwa muda wa saa moja tu, nikae kwenye benchi la uani yeye akiwepo, nisimpige mtoto picha, na mtoto asiniite baba, aniite kaka. Nilikubali yote. Mwaka mmoja na nusu, theluji kwa jua, sijakosa Jumapili isipokuwa mbili nilizokuwa naumwa. Aiperi akiniona hukimbia akisema, "Kaka kaja, kaka kaja," nami hucheka naye, halafu nikishatoka na kufika kwenye kona husimama kidogo kabla sijaweza kuendelea na njia.

Sasa Meerim amepata mchumba, anaitwa Kubat, mtu wa Talas, wanasema ni mtu mwema na mimi sina neno juu yake, lakini wazazi wake hawataki bibi harusi mwenye mtoto, kwa hiyo mzee Asankul na mama Gulbara wameamua kumwasili Aiperi awe binti yao kisheria, yaani mama yake mzazi atageuka dada yake, na karatasi zimeshafika mahakamani. Mzee aliniambia getini kama mtu anayezungumzia mvua. "Jumapili ijayo usije. Mtoto atakuwa na baba na mama kwenye cheti, mambo yamekwisha."

Nikakimbilia ofisi ya kuandikisha vizazi, karani akanisikiliza vizuri tu, akasema, "Njoo na mama wa mtoto, msaini wote wawili. Peke yako hapa, kijana, wewe ni mpita njia." Nikampigia Meerim. Akasema, "Nikisaini, harusi imekufa." Nikamwambia huyu ni binti yangu. Akasema, "Ulikuwa na miezi saba ya kupokea simu, Syimyk, leo unataka mimi nikupokee siku hiyo hiyo?" Akaanza kulia, akakata.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu. Mama yangu, yule yule aliyesema yale, siku hizi sanduku lake limejaa nguo za mtoto, anamtaka mjukuu wake, na binamu yangu Baiel, ambaye ana gari, akaniambia, "Mtoto ni wako, unaomba ruhusa ya nani? Wakishaona yuko kwenu, watakuja kuzungumza kwa adabu." Ijumaa iliyopita mchana tukaenda chekechea. Alikuwepo mwalimu mgeni asiyenijua, akamwona Aiperi ananikimbilia, akaniuliza, "Wewe ni nani yake?" Nikajibu, "Kaka yake." Jina lile lile ninalolichukia, Shangazi, nililitumia, na likafungua mlango.

Tulikuwa tumeshaviacha vijiji viwili nyuma, tukielekea kwa mama yangu, Aiperi alipoanza kusema anataka Tuti. Nikamwambia Tuti tutamwona kesho, nikidhani ni mwanasesere au rafiki yake. Akasema tena na tena, "Kaka, nataka Tuti," uso umekuwa mwekundu, nikampa biskuti akaisukuma, nikamwimbia, akazidi, mwishowe akajikojolea kwenye kiti na kulia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia mtoto akilia, kwa aibu, kama mtu mzima. Tuti ni jina la poti yake ya kukojolea. Kila mtu wa nyumba ile anajua, hata jirani anajua, baba yake ndiye asiyejua. Baiel akafoka kwa sababu ya kiti cha gari lake, nami nikamwambia, "Geuza gari." Akasema, "Tumeshafika huku unataka turudi?" Nikamwambia ageuze au nashuka naye barabarani.

Tulipofika chekechea mama Gulbara alikuwa pale mlangoni amevaa kiatu chake mguu mmoja na cha mumewe mguu wa pili. Alimchukua mtoto mikononi mwangu na hakunitukana, afadhali angenitukana. Mzee amesema nikionekana tena mtaani kwao anaita polisi. Mama yangu na Baiel wanasema nilikuwa mwoga, na kwamba Jumamosi twende tena, safari hii tusisimame mpaka Bishkek kwa shangazi yangu, nami nimewaambia nitafikiri, na kweli nafikiri, Shangazi, hilo ndilo linalonitisha. Je, mimi ni baba wa mtoto huyu au si baba yake? Na kama ni baba, nifanye nini kabla mahakama haijaamua kwamba sikuwahi kuwepo?

Syimyk, Karakol

SHANGAZI BURUL ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Wasomaji wajue kwamba barua hii ilinifikia wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, na kwa sababu ya hiyo Jumamosi yao sikungoja gazeti, nilinyanyua simu. Nachapisha kwa ruhusa yake, majina tumeyabadilisha, kwa kuwa vijana wenye barua kama hii ni wengi na wengine gari liko tayari nje.

Haya ndiyo niliyomwambia.

Syimyk, ulimwiba mtoto. Usitafute neno laini. Ungekamatwa njia ya Bishkek na mtoto ambaye kwenye karatasi si wako, hakuna askari ambaye angeuliza sikio lake limekunjika upande gani. Na usiwasikilize wanaosema ulirudi kwa woga. Woga ni ile miezi saba. Siku uliyosema "geuza gari" ndiyo siku ya kwanza uliyomtazama Aiperi kabla ya kujitazama mwenyewe, na kwa ajili ya hiyo tu nimekupigia.

Unauliza kama wewe ni baba. Ndiyo. Kutooa hakufuti damu, wala cheti chenye mstari si hukumu. Lakini damu isiyoandikwa popote haina pa kusimama mbele ya hakimu, kwa hiyo acha kusimama getini na ukasimame panapohusika. Kesho saa tatu asubuhi uwe kwenye mahakama ile ile zilikopelekwa karatasi za kuasili. Dai uthibitishwe kuwa baba kwa kipimo cha vinasaba, na omba shauri la kuasili lingoje mpaka lako liishe. Kama huna wakili, muulize karani wapi wanasaidia wasio na uwezo, usione haya kuuliza. Usidai kupewa mtoto. Hujui hata anapotaka kukojoa anasemaje, utamlea vipi peke yako kuanzia Jumatatu? Dai kumwona, siku zijulikane, saa zijulikane, zisitegemee mzee kaamkaje. Dai pia upangiwe matunzo, maana anayetaka siku za mtoto hachagui Jumapili peke yake. Na habari ya Ijumaa iandike mwenyewe, yote, na kiti kilicholowa, kabla mzee Asankul hajaiandika kwa niaba yako.

Baiel mwambie hapana sasa hivi, nikiwa nasikia.

Alimwambia. Aliweka simu ya pili karibu, nikamsikia, "Baiel, Jumamosi sitoki." Yule akajibu, "Basi usije kunililia." Syimyk akasema, "Sitakulilia," akakata.

Halafu nikaomba kuzungumza na mama yake. Mama, nilimwambia, ulimwita binti wa watu malaya ukamfukuzia mwanao Siberia, leo unashona nguo. Nguo hazisemi samahani. Ukitaka mjukuu, nenda na mdomo wako ule ule, kwa mtu yule yule, na useme kinyume chake. Mama akasema, "Watanifukuza." Nikamwambia, basi watakufukuza ukiwa umeshasema.

Jumapili walikwenda wawili kwa kina Meerim, bila gari la mtu. Polisi hawakuitwa, lakini hawakukaribishwa ndani, wala chai hawakumiminiwa. Mama akasema pale pale uani, mzee Asankul anasikia na majirani wanasikia, "Meerim, nilikusingizia. Nilijua ni wa kwetu, nikasema vile kwa sababu sikutaka kukuposa." Meerim akajibu, "Nimesikia." Hakuongeza neno, na wasomaji msitake aongeze. Lakini jioni hiyo alimpigia Kubat mwenyewe na kumwambia kwamba mtoto wake atabaki mtoto wake, hatakuwa mdogo wake. Kubat amerudi Talas kuzungumza na wazazi wake. Mpaka naandika hajaleta jibu, na sijui ataleta lipi.

Wiki iliyopita walisimama mahakamani. Hakimu alimuuliza mama Gulbara kama kijana huyu ana mahusiano yoyote na mtoto. Mama alimtazama mumewe, akatazama sakafu, akasema, "Mwaka na nusu anakuja bila kuitwa. Mimi ndiye niliyekuwa namfungulia. Na Ijumaa ile alimchukua, nikakimbia njia nzima nikidhani sitamwona tena. Yote mawili ni kweli." Hakimu ameagiza kipimo, ameweka shauri la kuasili kando mpaka majibu yatoke, na kwa sababu ya Ijumaa ile amemkataza Syimyk kumkaribia mtoto kwa wiki sita.

Jana kijana amenipigia. Anasema amemtengenezea kiti kidogo cha mbao, anaomba akiache tu getini, asigonge hata mlango.

Hapana, Syimyk. Usikipeleke wewe, usimtume mama yako, usimtume mtoto wa jirani. Usipite hata mtaa ule kwenda kazini, zunguka. Unaona ni ukatili, na mimi sisemi si ukatili, ila wewe ndiye uliyewapa sababu. Watu wale wanachojua juu yako ni vitu viwili: uliwahi kuondoka bila kuaga, na uliwahi kuchukua bila kuomba. Hawajawahi kukuona ukiambiwa kaa, ukakaa. Wiki sita ni siku arobaini na mbili, na usipunguze hata moja. Hakimu hajakuambia ungoje kama mpita njia. Amekuambia ungoje kama baba, jina lako limeandikwa kwenye amri hiyo kwa herufi kubwa. Itii.