Bomoa Lile Dirisha la Mama

Juru, kambini Nakivale

Mdogo wangu Esperance,

Umeamkaje huko milimani Fizi? Mgongo umeacha kukusumbua? Mbuzi wamezaa? Mimi niko muzima, magoti tu ndiyo yanabishana nami. Maharage yameota, na asubuhi ukungu wa ziwa unapanda mpaka mlangoni kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.

Sasa sikiliza, na usinikatize kama kawaida yako.

Nilikwenda Mbarara kukaa na mjukuu wangu Furaha wakati wa mvua. Amepanga chumba kwa mjane mmoja Mnyankole. Nyumba imechimbwa ndani ya kilima, ukuta wa nyuma mwamba mtupu. Fasi nzuri, lakini madirisha wazi usiku na mchana! Wewe unanijua. Kwetu dirisha wazi ni kuita wenye bunduki. Jua likizama nachukua vitenge vya Furaha, naziba dirisha, naziba hata vitundu vya juu. Nalala, naota mingi. Niliota sakafu ya nyumba yetu inapumua, inapanda na kushuka kama ubavu wa ng'ombe aliyelala, na mama ameketi katikati.

Kumbe mle chumbani watu wa afya walikuwa wameacha kikopo cha kupima hewa. Majibu yalipokuja, mwenye nyumba akaja mlangoni amekunja uso, ananiita jajja, ndiyo bibi kwao.

"Jajja! Dirisha hapana funga! Hii hewa naua watu pole pole."

"Hewa gani? Mbona sisikii harufu?"

"Hiyo ndiyo shida yake!"

Furaha akanieleza. Inaitwa radoni. Inatoka ndani ya udongo na mawe, inapenya nyufa za sakafu, na macho hayaioni. Nje upepo unaitawanya. Ndani ukifunga, inajikusanya, na mtu akiivuta miaka na miaka inaweza kumletea kansa ya mapafu. Si kila nyumba inayo nyingi, ndiyo maana wanapima. "Na wavuta tumbaku, koko wangu, hao inawaharibu zaidi," akasema. Nikakuona wewe na kiko chako, kichwa ngumu wewe.

Mwenye nyumba aliziba nyufa kwa saruji, akapitisha bomba kutoka chini ya sakafu mpaka juu ya paa, na feni ndogo ya kuvuta ile hewa itoke. Linavuma taratibu. Nikalala dirisha wazi, mara ya kwanza tangu tukimbie. Niliota tena ile sakafu, imetulia, na mama amesimama dirishani anatazama nje.

Wewe huna bomba wala kikopo. Lakini unalala chumba cha mama, ukuta wa nyuma ni jiwe, sakafu imepasuka, na dirisha ni lile aliloziba kwa udongo wakati wa vita. Najua kwa nini hutaki liguswe. Alama za vidole vyake ziko pale. Unadhani mimi sizililii? Lakini aliziba ili tuishi, Esperance. Bomoa. Ziba nyufa. Kiko tupa. Ukibisha, nitakuja na magoti haya haya.

Nisalimie muke wa kaka yetu, yule wa kwaya mwenye sauti ya jogoo, na jirani yako fundi. Mwambie alete nyundo, lakini apige polepole. Kile kipande chenye alama ya kidole gumba cha mama kisivunjike. Kifunge kwenye kitambaa, unitunzie.

Ni mimi yaya wako, uliyetoka naye tumbo moja,
Mama Riziki