Bahari Iliyomtoka Belchior

Shemeji Simão,

Salamu kutoka Lisboni hadi huko Goa. Mama yenu bado anakohoa, na dagaa mwaka huu ni wengi. Habari za mdogo wako Belchior ningependa kuzinyamazia, ila sina mwingine wa kumwambia.

Askari walimkamata kwa ajili ya ramani ya bahari ya Malaka. Walidai amewachorea Waholanzi miamba na njia zote za kupita. Hakuchora, lakini bahari ile aliijua kama kiganja chake, na kwao hilo lilitosha. Basi akajifanya amesahau kila kitu.

“Malaka iko wapi?” wakamuuliza.

“Malaka ndiye nani?” akajibu.

Wakampiga kichwani siku baada ya siku, wakisema atakumbuka tu.

Jana wamemrudisha. Nilifunga mlango, nikamnong'oneza, “Wameshaondoka, mume wangu. Acha kuigiza sasa.”

Akanitazama kwa adabu. “Samahani, dada. Mumeo yuko wapi?”

“Yuko baharini,” nikamjibu, nikampakulia supu.

Ukija, mtajie jina lako kwanza.

Shemeji yako mwenye huzuni,
Violante