Kijidudu Asiye na Jamaa

Baba yangu mpenzi, shikamoo huko uliko,

Toka asubuhi nilikuwa sikai. Nimetoka uani, nimerudi sebuleni, nimenyanyua simu kusikiliza kama inafanya kazi. Mama kaniuliza, "Una nini wewe, mbona umekuwa kama kuku anayetaka kutaga?" Wewe ungekuwa hai, ungenielewa.

Unakumbuka mwaka tulipofika hapa Ibra, nchi ya mababu zetu, kutoka Unguja? Ili upate pasipoti, wazee wa kabila walitakiwa washuhudie kwamba wewe ni mwenzao. Ukaingia barazani kwao, mimi nikabaki garini na joto lile. Ulipotoka nikakuuliza, "Wamekujua?" Ukafuta jasho. "Leo bado, mwanangu. Pengine anayetujua hakuja." Nilikasirika kwa niaba yako. Wewe ukarudi tena na tena, na kanzu yako imepigwa pasi vilevile, mpaka akatokea mzee mmoja wa mji wa Mudhaibi aliyemjua babu. Alikushika mkono, hakutaka kuuachia.

Sasa nikwambie langu. Kwenye maabara ninakosoma, nchi ya baridi, nililetewa udongo wa karibu na ncha ya dunia. Humo nikakuta bakteria, kidoa cha njano tu kwenye kisahani cha kioo, anayestawi kwenye baridi kali na kufa kwenye joto la sebule. Nikampima anakula sukari gani, anavumilia chumvi kiasi gani, nikamlinganisha na wanaojulikana. Hakufanana na yeyote. Profesa wangu akafurahi. "Ni mpya huyu. Andika makala umtangaze." Nikasema bado, pengine anayemjua hajaulizwa. Akanitazama kama nimerukwa na akili, lakini akawapelekea wenzake wa maabara nyingine, nami nikaja likizo kusubiri.

Simu imelia baada ya adhuhuri. Wamemlinganisha na wote walio nao, hana jamaa. Profesa alikuwa anacheka na kunipongeza, na kweli kila mwanafunzi huomba siku kama hii. Mama akauliza, "Kheri?" Nikamwambia kheri, nikajifungia chumbani kwako nikalia. Furaha haikuwamo, baba. Nilitaka apatikane hata mmoja wa kusema, huyu namjua, ni wa kwetu.

Nimekata tiketi, Jumamosi narudi maabara kumwandika. Kama hakuna mwingine wa kumshuhudia, nitamshuhudia mimi.

Binti yako asiyekaa kitako